Msamaha wa Sahani Tupu

Fundi mizani wa mtaa ule aliitwa Gramu, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alibandikwa na wauza nyama, ambao mizani zao alizikagua kila baada ya miezi mitatu na kila mara akawaumbua mbele ya wateja. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Kabla hajauliza mizani ina ugonjwa gani, aliifuta sahani kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja, akautazama mshale. Sahani ikiwa tupu, mshale lazima usome sifuri. Ukisoma gramu tano tu, basi aliyeileta mizani ile ni mwizi, hata awe mama yake mzazi.

Mafundi wengine hufunga karakana jioni wakaenda kula. Gramu alifunga karakana akaondoka na mizani kichwani. Enzi za ujana aliwapima hata wachumba: huyu mpole lakini hachelewi kununa, yule mchapakazi ila anacheka kwa sauti. Kabla mshale haujatulia, wachumba wote walikuwa wameshaolewa na watu wasiojua kupima. Kwa hiyo alifika miaka hamsini na minne hana mke wala mtoto, akiishi chumba cha mbele katika ua wa mdogo wake, fundi bomba, mwenye mke mmoja na watoto watano.

Ndipo baraza la mji likaleta tozo ya shule.

Sababu ya tozo haikuhitaji miwani. Shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na geti la ua ule na karakana ya Gramu iliyokuwa kando yake, na paa la darasa la tatu lilikuwa limekwenda na upepo mwaka juzi. Tangu hapo, mvua ikinyesha, mwalimu alifundisha akiwa ameshika chaki mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Kila mwenye biashara atalipa, tangazo likasema, awe na watoto kumi au asiwe na hata mmoja. Gramu alilisoma mara tatu pale pale ukutani, akaona anaibiwa mchana kweupe. Ilimuuma kwelikweli, na kwa hilo tusimcheke. Mtu amepambana miaka thelathini na vidole vya wauza nyama, leo anakuta baraza zima limeweka kidole kwenye sahani yake.

Akaandika barua. Akaandika ya pili. Alipofikisha ya kumi na moja, wajumbe wakachoka kusomewa habari za sahani, wakaingiza kifungu cha msamaha kwa wasio na watoto. Kifungu hicho, ni vizuri kikaeleweka mapema, kiliandikwa na watu ambao hawakuwa na nia ya kumsamehe mtu yeyote.

Karani wa mapato alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ameifunga uzi shingoni, na mhuri wake ameuweka mbali kidogo na mkono, usije ukamponyoka ukampigia mtu bure.

"Habari za kazi," Gramu akasema. "Nimefuata msamaha. Sina mtoto, na sikuwahi kuwa naye. Sahani yangu tupu."

"Sahani gani?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Hapa tunaandika, mzee wangu. Namna ya kusema unaiacha pale nje." Akavuta fomu, lakini hakumpa. "Niulize tu, kwa faida yangu. Zimamoto unaichangia?"

"Naichangia."

"Nyumba yako imeshaungua?"

"Bado."

"Na barabara ya makaburini unaichangia, na hujafa."

"Ile nitaipita," Gramu akasema. "Hata wewe utaipita. Shuleni sina nilichobakiza. Nilishamaliza."

"Ulisoma wapi?"

"Hapo hapo ng'ambo."

"Ulilipa?"

"Nilikuwa na miaka saba. Ningelipa na nini?"

Karani akamtazama juu ya miwani, akimpa nafasi ajisikie mwenyewe alivyosema. Gramu hakujisikia. Alikuwa ameshaitoa kalamu mfukoni.

"Haya," karani akasema, akamsomea. "Mzazi, kwa mujibu wa kifungu hiki, ni mtu yeyote ambaye mtoto wa umri wa kwenda shule humwita baba au mama, wa aina yoyote, naye huitika."

"Wa aina yoyote ndiyo nini?"

"Baba, baba mkubwa, baba mdogo. Mama, mama mkubwa, mama mdogo. Mzee wangu, tulipotangaza tozo hii tulipita nyumba kwa nyumba. Nauliza, hawa sita waliolala humu ni wa nani? Naambiwa ni wa kaka. Nakwenda kwa kaka, naambiwa ni wa mdogo wake. Tumezunguka mji mzima tukakuta shule ina watoto mia saba na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mtu. Ndiyo maana tukaandika hivyo."

"Lakini mimi wa mdogo wangu ni wa mdogo wangu kweli."

"Wanakuitaje?"

Gramu akaishusha kalamu. "Baba Mkubwa."

"Na unaitika?"

"Mtoto ananiita, nisiitike?"

"Walio shule wangapi?"

"Wanne. Yule wa kwanza ni mtu mzima, ni muuguzi."

"Basi una wanne," karani akasema, na kuifunga kalamu yake.

Mtu mwingine angesema asante, akalipa, akaenda zake. Gramu aliinama mbele, akashusha sauti. "Na wakiacha kuniita?"

"Wakiacha, nitakuja nione kwa macho yangu. Jumamosi. Naweza kupita tena siku yoyote nikijisikia. Nikikuta ni uongo, unalipa mara tatu."

Hapa lazima isemwe Baba Mkubwa alikuwa nani katika ua ule, maana Gramu mwenyewe siku ile hakukumbuka kulipima hilo. Palikuwa na kiti kimoja chenye mikono, na kilikuwa chake. Sahani ya kwanza ilikuwa yake. Fundi bomba hakununua hata baiskeli bila kumuuliza kaka yake, na akishamuuliza alinunua ile ile aliyokuwa ameichagua. Binti mkubwa alipopata nafasi ya uuguzi, barua ilifunguliwa na Baba Mkubwa. Na mambo mazito ya familia, hasa yale ya kuozesha, baba mzazi hufunga mdomo. Anayesema ni mkubwa wake.

Halafu alikuwepo Robo. Huyu ndiye kitinda mimba, miaka saba, darasa la kwanza, na jina alipewa na Gramu mwenyewe, kwa sababu alipoanza kutambaa aliingia karakana akalikumbatia jiwe la robo kilo na hakukubali kunyang'anywa. Namba alizijulia kwenye mawe ya mizani kabla ya shule. Kila mchana kengele ikilia alivuka barabara, na toka getini alipaza sauti, "Baba Mkubwaa!" Gramu, bila kuinua macho kwenye kazi, alijibu, "Naam." Basi. Mtoto akaingia ndani kwa mama yake. Hawakuwa na mazungumzo mengine, wala hawakuhitaji.

Jumatano jioni Gramu aliwapanga wanne wale ukutani kwa urefu.

"Kuanzia leo," akawaambia, "mimi ni jirani."

"Jirani wa nani?" akauliza wa darasa la saba.

"Wenu."

"Lakini unaishi kwetu."

"Naishi karibu sana. Sikilizeni. Jumamosi atakuja mama mmoja na faili. Akiuliza huyu ni nani, mnasema ni jirani, anatengeneza mizani. Atakayesema vizuri, gramu hamsini za pipi."

Watatu wakubwa walicheka wakaona mzee kapata mchezo. Robo hakucheka. Robo alikuwa na tabia ya kuchukua jambo kwa uzito wake, na tabia hiyo tunajua aliitoa wapi.

"Mwenye faili akikuuliza?" Gramu akamjaribu.

"Ni jirani. Anatengeneza mizani."

"Akikubembeleza?"

"Ni jirani."

"Na mimi je, nikikuambia useme Baba Mkubwa?"

Robo akafikiri. "Nakuambia Baba Mkubwa."

"Hapana. Hata mimi. Hata nikikuomba vipi, ujue nakujaribu tu. Umeelewa?"

Robo akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

Fundi bomba alikuwa amesimama mlangoni, spana mkononi, anasikia yote. "Kaka," akasema, "pesa yenyewe ni hiyo? Si ningekulipia mimi."

"Siyo pesa. Ni kipimo."

"Kipimo cha nini?"

Gramu alijiona ameshajibu. Shemeji yake, aliyekuwa akianua nguo, alikunja shati moja polepole, akaliweka begani. "Jirani huwa anapiga hodi," akasema, akaingia ndani.

Jumamosi karani alifika na faili. Aliwahoji watoto mmoja mmoja uani, na Gramu akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa juu chini, maana shemeji alikuwa amekiingiza kiti chenye mikono ndani na kufunga mlango. Wakubwa walijibu huku wameuma midomo wasicheke. Karani akaandika, uso hauonyeshi kitu. Alipofika kwa Robo alichuchumaa kabisa.

"Mwanangu, huyu baba hapa ni nani?"

"Ni jirani. Anatengeneza mizani."

"Hamumwiti Baba Mkubwa?"

"Hatumwiti."

"Yuko vipi? Mzuri?"

"Simjui sana," Robo akasema.

Hilo la mwisho hakuna aliyemfundisha. Gramu alijisikia fahari, kama fundi anavyojisikia mizani ikitulia papo kwa papo. Karani akaweka cheti juu ya faili gotini, akakigonga mhuri: Hana Mtoto. Karani alipoondoka, Gramu aliwapimia watoto pipi zao. Sahani ya Robo ilizidi gramu mbili, akatoa pipi moja akairudisha mfukoni. Robo hakulalamika. Alijua kipimo ni kipimo.

Cheti kilitiwa fremu kikatundikwa karakana, juu kidogo ya kalenda, na siku tatu nzima Gramu alikuwa na raha ya kweli. Wauza nyama waliletwa kukiona. Ng'ambo ya pili mvua ilinyesha, mwalimu akafungua mwavuli, na Gramu akamtazama kwa roho safi ya mtu asiyehusika.

Siku ya nne, Jumatano, alikwenda mezani kama kawaida yake, akasukuma mlango. Fundi bomba alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, anaangalia mezani kwa aibu.

"Karibu, jirani," shemeji akasema. "Umetukuta tunakula."

"Shemeji, acha utani. Cheti nimeshapata."

"Si ulisema anaweza kupita siku yoyote? Mara tatu hiyo, atalipa nani?" Akamsogezea kigoda karibu na mlango, na sahani ndogo ya wageni. "Usione haya. Jirani ni mtu muhimu."

Gramu alikula. Alimaliza haraka, maana sahani ilikuwa ndogo.

Mchana uliofuata, wageni wa kuona cheti wakiwa wamekwisha, aliisikia vizuri kengele ya shule. Alikuwa amelaza mizani ya muuza samaki, anabadilisha springi, na koo lake lilikuwa tayari na naam yake. Robo akavuka barabara. Akasimama getini, akamkuta anamwangalia.

"Hodi, jirani," akasema kwa adabu, akapita.

Gramu alibaki ameshika springi. Alijiambia mtoto ameshika somo vizuri mno, atasahau. Wiki ikaisha, Robo hakusahau. Wale wakubwa walichanganya, mara Baba Mkubwa, mara jirani, wakacheka, wakajiziba midomo. Robo hakukosea hata siku moja. Ndipo Gramu akaanza kusikia kengele ile kabla haijalia, na kuisikia vibaya.

Mwisho wa mwezi ikaja habari kwamba watu wa upande wa mchumba wa binti mkubwa wangekuja Jumapili kujitambulisha na kupanga. Hii ilikuwa siku ya Gramu. Koti lake lilipigwa pasi. Binti mwenyewe alishamfuata karakana miezi miwili nyuma, akakaa juu ya gunia, akamwomba jambo moja.

"Baba Mkubwa, mwakani naanza masomo ya ukunga. Miaka miwili. Nataka waambiwe hilo kabla ya kupanga tarehe. Nikisema mimi wataona nina kiburi. Baba hawezi kusema. Utanisemea?"

"Nitasema," Gramu alimwambia. "Nitaweka mezani, waone uzito wake."

Sasa Jumamosi, kuamkia siku hiyo, fundi bomba alikuja chumbani kwa kaka yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa anageuza kofia yake.

"Kaka, kuna jambo. Shangazi wa kijana atakuja."

"Aje. Ataketi."

"Ni yule karani."

Nje, shemeji alikuwa akisugua sufuria, na alisugua kwa nguvu kuliko sufuria ilivyohitaji.

"Nimemwomba Kinyozi asimame badala yako," fundi bomba akasema. "Si ni binamu yetu? Hata kama wa mbali. Atakaa tu pale. Wewe nitakuweka na majirani, upande wa mlango."

Kinyozi alikuwa mtu mwenye furaha, aliyekubali kuwa baba mkubwa wa mtu kabla hajaambiwa wa nani, alipojua kutakuwa na chakula. Jumapili aliwahi kufika kuliko wageni. Akajitosa kwenye kiti chenye mikono, akajinyoosha, na Robo, aliyekuwa amevalishwa gauni jipya, akaambiwa na mama yake amsalimie.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," Kinyozi akasema, kirahisi hivyo, wala hakuinua kichwa.

Gramu aliyasikia kutoka mlangoni. Wivu ulimshika, wivu hasa, wa kutaka kumtoa mtu kitini kwa kola ya shati. Akaweka mikono yake magotini akaikandamiza.

Wageni wakaingia, wanane, na karani katikati yao na miwani yake. Alimwona Gramu. Akampa salamu ya heshima, ile ya kumpa jirani. Baada ya maji na maneno ya kuzunguka, msemaji wao alikohoa.

"Sasa, kabla hatujafika mbali. Baba mkubwa wa binti yupo?"

Mdomo wa Gramu ulifunguka wenyewe. Ulikuwa umefunguka hivyo kwa miaka ishirini na mitatu kila alipoitwa katika nyumba ile, na haukuwa na habari za cheti. Karani akageuza shingo. Gramu aliiona ile miwani, akaona mara tatu, akaona fremu ikishushwa ukutani na wauza nyama wanakuja kuangalia. Akaufunga mdomo.

"Nipo," Kinyozi akasema.

Kilichofuata kilimtoa Gramu jasho. Msemaji alisema wanaona harusi iwe mwezi ujao, Kinyozi akasema hata wiki ijayo. Msemaji alisema binti atahamia mji wa mumewe, Kinyozi akasema ahamie, kwani anashikwa na nini hapa. Alimsifu binti kwamba ni mwalimu hodari, na fundi bomba ikabidi amnong'oneze kwamba ni muuguzi, na Kinyozi akasema ndiyo, muuguzi anayefundisha. Wageni walianza kumpenda. Kwa muda wa dakika kumi mtu yule alitoa kila alichoombwa, na vingine ambavyo hakuna aliyeviomba.

Binti alikuwa amesimama penye pazia la ndani. Alimtazama Gramu. Hakumtazama kwa hasira, alimtazama akingoja. Gramu alijua ni zamu yake, alijua maneno yenyewe, alikuwa ameyapanga miezi miwili. Akatazama chini, kwenye viatu vya wageni. Hakuna siku katika maisha yake aliyojichukia kama siku ile.

Pazia likasogea. Binti akatoka mwenyewe, akapiga goti kidogo kuwaamkia wakubwa, akasimama wima.

"Naomba nijisemee mwenyewe," akasema. "Mwakani naanza ukunga, miaka miwili. Mimi nimesoma shule hiyo ya ng'ambo, darasa lile ambalo leo halina paa, mpaka nimefika hapa, na sitaacha njiani. Anayenitaka ataningoja. Nilikuwa na mtu wa kunisemea. Naona leo hayupo."

Wageni waliangaliana. Wa kwanza kusema alikuwa karani. "Anasema kweli," akasema. "Kijana wetu atangoja. Asipongoja, nitamshughulikia mimi." Na watu wakacheka, na chumba kikapumua, na sahani zikaanza kuletwa. Jirani wa mlangoni hakuna aliyemuuliza anaonaje.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, Gramu alimshika Robo mkono wakaenda ofisi ya mapato. Robo alikuwa na sare yake na begi. Gramu alikuwa na cheti ndani ya fremu yake, pesa ya tozo ndani ya bahasha, na pakiti nzima ya pipi mfukoni mwa koti, haijafunguliwa. Usiku hakulala. Alikuwa amekwisha kupima, na kwa mara ya kwanza mshale ulimwonyesha alipokosea.

"Nimeleta tozo," akasema, akaweka bahasha mezani.

Karani hakuigusa. "Tozo ya nani? Wewe huna mtoto. Niligonga mhuri mwenyewe."

"Ninaye. Ninao wanne, watano ukimhesabu yule wa jana. Niandikie hata hiyo mara tatu. Nitalipa."

"Mzee wangu, siwezi kuchukua pesa ya mtu mwenye msamaha. Nitaiingiza wapi?" Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Kifungu ni kile kile. Mtoto akuite, nawe uitike, mbele yangu. Ndipo nitafuta."

"Ndiyo maana nimekuja naye."

Karani akafungua faili. Akavaa miwani. "Mwanangu, huyu ni nani?"

Robo alitazama faili. Akamtazama karani. Akasimama sawasawa, miguu pamoja, kama wanavyosimama darasani wakiulizwa swali.

"Ni jirani. Anatengeneza mizani."

"Robo," Gramu akasema, "yale yamekwisha. Mwambie ukweli. Mimi ni nani wako?"

Robo akatabasamu. Alikuwa anajaribiwa, na alijua kwamba atajaribiwa, alishaambiwa. "Ni jirani."

Gramu akachuchumaa mbele yake, goti moja sakafuni, na koti lake lililopigwa pasi likaburuta vumbi. "Leo sikujaribu. Nakuomba. Niite kama zamani. Niite mara moja tu, nitaitika."

Robo aliibana midomo yake kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yanamcheka kwa furaha ya mtu aliyeshinda. Gramu alitaka kulia, na karibu alie, mtu mzima, mbele ya watu waliopanga foleni.

Karani alikiweka kile cheti juu ya bahasha, akavisukuma vyote viwili taratibu mpaka upande wa Gramu. "Huyu mtoto amefundishwa vizuri," akasema. "Ni nani aliyemfundisha?"

"Mimi," Gramu akasema.

Robo alikuwa ameshanyoosha kiganja chake, anangoja haki yake. Gramu akatoa pakiti ya pipi, akairarua, akazimimina zote mkononi mwa mtoto, nyingine zikaanguka zikabiringika chini ya meza ya karani. Robo alizitazama pipi, akamtazama yeye, na uso ukaingia wasiwasi.

"Hujapima, jirani," akamwambia.